Alama za sumakuumeme za chini ya ardhi

Alama za sumakuumeme ni vifaa vidogo visivyo na betri vinavyofukiwa pamoja na mabomba, nyaya na miundombinu mingine ya huduma, ili mahali vilipo pajulikane miaka mingi baadaye bila kuchimbachimba. Ndani ya gamba la plastiki mna koili ya waya na kapasita, basi. Alama hukaa kimya mpaka fundi apite juu yake na kifaa cha kutafutia kilichowekwa kwenye masafa yake.

Plastiki ndiyo iliyoleta haja hii. Bomba la chuma au waya wa umeme hutafutwa kwa njia ya zamani: mkondo hupitishwa ndani yake, na uga wa sumaku unaouzunguka mkondo huo hufuatwa kutoka juu. Hata pasipo kuunganishwa na kitu, chuma hujifichua kwa kuuvuruga uga wa koili iliyo karibu. Alexander Graham Bell alijaribu njia ya namna hiyo mwaka 1881 kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa James Garfield, Rais wa Marekani. Alishindwa, na springi za kitanda cha mgonjwa zikabebeshwa sehemu ya lawama. Bomba la PVC au poliethilini halipitishi umeme, na mkongo wa faiba usio na metali ndani yake vilevile. Wajenzi wengi hulaza waya wa shaba sambamba na bomba, lakini waya huo ukikatwa na jembe au ukiliwa na kutu, kipande kilicho mbele ya mkato hakifuatiki tena kirahisi. Rada ya ardhini huweza kuiona plastiki, ila katika udongo wa mfinyanzi uliolowa mawimbi yake hufifia upesi, na picha zake zinataka jicho la mtaalamu.

Kifaa cha kutafutia hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika kwa muda mfupi sana, kisha hunyamaza na kusikiliza. Endapo masafa yake yanalingana na yale ya koili na kapasita zilizo chini, alama huvuna nishati kidogo na kuendelea kutikisika kidogo baada ya uga kuzimwa, kama kengele inavyoendelea kulia baada ya kugongwa. Mlio huo unaofifia ndio unaonaswa. Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi kwa sekunde, na kadiri fundi anavyosogea juu ya alama ndivyo sauti inavyopanda na kipimo kinavyojaa kwenye kioo.

Ingawa watu huita hii teknolojia ya redio, kwa kweli mawimbi hayahusiki sana. Kwenye 83 kHz urefu wa wimbi ni kama kilomita 3.6, na fundi yuko mita moja au mbili tu kutoka kwenye alama. Kinachofanya kazi ni uga wa sumaku wa karibu. Uga wa namna hiyo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, tena mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo kina kikiongezeka maradufu, jibu hupungua takriban mara 64. Hesabu hiyo ndiyo inayobana matumizi yote ya kifaa hiki, kuliko aina ya udongo. Mchanga, kichanga, lami, barafu na hata maji baridi hayauzuii uga huu kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Maji ya bahari yana yake, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme vizuri na hula sehemu kubwa ya ishara.

Kila huduma ina masafa yake, na gamba hupakwa rangi inayofuata utaratibu wa rangi za huduma za chini ya ardhi unaotumika Marekani. Umeme ni nyekundu kwenye 169.8 kHz, maji safi ni buluu kwenye 145.7, majitaka ni kijani, 121.6, simu ni rangi ya chungwa, 101.4, gesi ni njano, 83.0. Faida yake huonekana kwenye makutano ya barabara, ambako mambo yote yamerundikana: anayetafuta gesi husikia gesi tu. Bomba la chuma lililopita jirani halijibu, maana halina mtikisiko wa masafa hayo.

Alama bapa zenye umbo la sahani huwa na koili pana, na kubwa kati ya hizo husikika hadi mita 2.4 hivi. Ndogo za kidole huingizwa kwenye tundu fupi na hufaa kwa kina cha sentimita 60. Inayopendwa zaidi ni ile ya mpira, yenye kipenyo cha sentimita kumi hivi, inayofaa hadi mita 1.5. Sahani ikilala upande, kilele cha ishara huhama, na mchimbaji hukosea shabaha. Mpira umeepuka tatizo hilo kwa njia mbili: katika aina moja koili huelea ndani ya kimiminika na kujiweka mlalo yenyewe, vyovyote mpira utakavyotupwa mtaroni, katika nyingine huwekwa koili tatu zilizokaa kwa pembe mraba, ili mojawapo au zaidi ijibu daima.

Kuna alama zilizoongezewa chipu. Hizo hurudisha namba ya pekee ya kifaa, na baadhi hukubali kuandikiwa maelezo kabla ya kufukiwa: mmiliki, aina ya maungio, kina, tarehe. Mafundi wa matengenezo huzithamini, ingawa zinagharimu zaidi na zinahitaji kifaa cha kusomea cha aina yake.

Kazi yenyewe mtaroni ni nyepesi mno, na ndiyo sababu husahaulika. Alama huwekwa penye kona, viungo, koki, mwisho wa bomba la mteja na pale bomba linapovuka barabara. Hukaa juu ya bomba, si chini yake, na iwe walau sentimita kumi mbali na chuma. Nondo za zege au mfuniko wa chemba ukiwa karibu hubadilisha masafa ya alama au huifunika kabisa. Kisha hufunikwa kwa udongo laini kwa mkono, sentimita 15 hivi, kabla katapila haijaanza kurudisha kifusi, la sivyo jiwe la kwanza huihamisha. Mtaro ukishafungwa bila alama, hakuna njia ya bei nafuu ya kurekebisha.

Ramani ya satelaiti haiondoi haja hii. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na mabomba mawili yakiwa nusu mita kutoka moja hadi jingine, kosa hilo linatosha kukata lisilofaa. Kipimo cha wapimaji ardhi hufika sentimita chache, lakini kinaeleza pale kitu kilipokuwa siku ya kupimwa. Alama huhama pamoja na udongo. Nguzo fupi za zege zinazoonekana kando ya barabara kuu za Tanzania na Kenya, zenye kuonyesha njia ya mkongo au bomba, huonyesha mwelekeo wa jumla tu, na barabara ikipanuliwa ndizo za kwanza kung'olewa.

Vibandiko vya kuzuia wizi madukani, vinavyojibu kwenye 8.2 MHz, vimejengwa kwa kanuni hiyohiyo ya koili na kapasita. Mfumo wa RECCO wa kutafuta watu waliofukiwa na theluji, uliobuniwa Uswidi baada ya poromoko la theluji la mwaka 1973 huko Åre, umechukua njia ya pekee: kibandiko kwenye nguo ya mtelezaji kina diodi inayorudisha masafa maradufu ya yale yaliyotumwa, hivyo waokoaji husikiliza masafa ambayo theluji na miamba haviwezi kuyarudisha.