Upasuaji wa moyo kwa watoto wachanga

Upasuaji wa moyo kwa watoto wachanga ni tiba ya kurekebisha kasoro za moyo ambazo mtoto huzaliwa nazo, ikifanywa katika siku, wiki au miezi ya kwanza ya maisha. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hadi 10 hivi huwa na kasoro ya namna hiyo. Nyingi ni ndogo, na baadhi ya matundu hujiziba yenyewe. Kati ya watoto wenye kasoro hizo, 1 kati ya 4 hivi huhitaji upasuaji au tiba nyingine ya moyo kabla ya kutimiza mwaka.

Dalili

Mara nyingi mama ndiye huziona kwanza. Mtoto hutoka jasho anaponyonya, huachia ziwa kila mara ili avute pumzi, haongezeki uzito na hurudiwa na nimonia. Wengine hugeuka rangi ya bluu kwa kukosa oksijeni. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi na fizi.

Sababu ya kuwahi

Zamani madaktari walipendelea kusubiri mtoto akue. Lakini moyo wenye kasoro haumsubiri mtu. Tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini hupeleka damu nyingi mno mapafuni kwa msukumo mkubwa, na mishipa ya mapafu hukakamaa taratibu. Ikishakakamaa, kuziba tundu kunaweza kumdhuru mtoto badala ya kumponya.

Kwa kasoro ambayo aota na ateri ya mapafu zimebadilishana mahali, muda ni mfupi zaidi. Damu yenye oksijeni huzunguka kati ya moyo na mapafu tu, na ile isiyo nayo hurudi mwilini. Chumba cha kushoto, ambacho hapo kinasukuma damu mapafuni peke yake, hupoteza nguvu ya misuli ndani ya wiki chache. Kwa hiyo, kama hakuna kasoro nyingine, mishipa hiyo hurudishwa mahali pake katika wiki 2 au 3 za kwanza.

Historia

Mwaka 1938, huko Boston, Robert Gross alimfanyia upasuaji msichana wa miaka 7, akafunga mshipa wa kijusi uliokuwa haujajifunga baada ya kuzaliwa. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Alfred Blalock aliunganisha ateri ya mkono na ile ya mapafu kwa mtoto wa miezi 15 aliyekuwa na rangi ya bluu. Wazo lilitoka kwa daktari Helen Taussig. Mbinu ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa na Vivien Thomas, fundi Mweusi wa maabara asiye na shahada ya udaktari, ambaye siku hiyo alisimama nyuma ya Blalock akimwelekeza. Mchango wake ulikaa miaka mingi bila kutajwa.

Njia hiyo ilipunguza shida bila kuondoa kasoro. Moyo ulipoanza kufunguliwa katika miaka ya 1950, mashine ya moyo na mapafu ilikuwa mzigo mzito kwa mtoto mchanga. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi, isiyojaza hata chupa ya soda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wapasuaji wa Japani, na Brian Barratt-Boyes huko Auckland, New Zealand, walipoza miili ya watoto hadi nyuzijoto 20 hivi, wakasimamisha mzunguko wa damu kwa muda na kurekebisha moyo uliotulia. Mwaka 1975 Adib Jatene wa São Paulo, Brazili, alifanikiwa kurudisha mahali pake mishipa mikuu iliyobadilishana. Huko Boston, Aldo Castaneda alitetea kurekebisha kasoro mapema, kwa upasuaji mmoja kila inapowezekana.

Utaratibu

Kasoro hutambuliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mfupa wa kidari hufunguliwa, na mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Tundu huzibwa kwa kiraka. Mshipa uliobana hupanuliwa. Mishipa inayolisha moyo wa mchanga ina upana wa milimita 1 au 2, hivyo mpasuaji hushona akitumia miwani ya kukuza. Kisha mtoto huangaliwa usiku na mchana katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Afrika Mashariki

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2015, huwapasua watoto nchini Tanzania, ambako awali wengi walilazimika kupelekwa nje. Hata hivyo wapo wanaofika mishipa ya mapafu ikiwa imeshakakamaa. Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni au mguuni, kikitumika kabla mtoto hajatoka wodi ya wazazi, huweza kugundua kasoro nyingi za hatari. Kwa zile kisizozigundua, mama anayesema mwanawe anachoka akinyonya anastahili kusikilizwa siku hiyo hiyo.