Kutoka "Kafa Ulaya" Mpaka "Bei DM": Mtumba Ulivyohamia Kwenye Simu

Ukiperuzi Instagram ya Bongo usiku, watu wakishatoka kazini, lazima ukutane nalo. Gauni la maua limetundikwa kwenye henga, nyuma ukuta msafi na taa za rangi, chini maandishi: "Mzigo mpya umeingia, pisi moja moja, wahi kabla hujawahiwa." Bei hamna, bei ni DM. Gauni hilo hilo asubuhi lilikuwa chini kwenye turubai pale Ilala, limejikunja kama tambara la deki, na aliyeliokota hakutoa hata nusu ya hela utakayotajiwa.

Wengi wanadhani huu ni ujanja wa juzi, umekuja na simu janja. Simu ni ya juzi kweli, lakini ujanja ni wa zamani, na kila kipindi aliyeuelewa mapema ndiye aliyekula faida.

Tuanze na majina. Zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe kafa huko, vyake ndiyo vimekuja huku. Ghana nao walikuwa na jina lenye maana hiyo hiyo, nguo za mzungu aliyekufa. Ukifikiria unaona mantiki yake. Nani angeamini mtu mzima mwenye akili zake atatoa koti zima, halina hata tundu, na bado yuko hai? Lazima kafa! Zambia wao waliita salaula, neno la Kibemba la kupekua rundo na kuchagua, na hao ndiyo waliosema ukweli wa biashara yenyewe, maana hela ya mtumba haiko kwenye nguo, iko kwenye kuchagua. Sisi tukabaki na mtumba, mzigo uliofungwa. Leo mdada wa Sinza hataki hata kulisikia. Ukurasa wake umeandikwa "thrift" au "vintage", na jina likishabadilika tu, bei nayo inapanda ngazi.

Ila kuna kipindi hata hilo rundo la kupekua lilikuwa ndoto. Miaka ya mwanzo ya 1980 Tanzania ilikuwa kwenye hali ngumu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imekomba hazina, fedha za kigeni hakuna, sabuni foleni, sukari foleni, khanga foleni. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, kilikuwepo, lakini kiwanda bila vipuri na malighafi ni jengo tu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa na bidhaa majumbani, na wengine wakaamua kuzitupa wenyewe kabla hawajafikiwa. Mtu mwenye suruali mbili za kutokea alikuwa anaangaliwa mara mbili.

Mlango ulifunguka 1984. Serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, tena bila kuulizwa sana kazipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais wa awamu ya pili, yule ambaye mtaani walimpa jina la Mzee Ruksa, na mitumba ikamwagika. Hapa huwa kuna ubishi usioisha, kwamba mitumba ndiyo iliyoua viwanda vya nguo. Ukweli ni kwamba viwanda vilikuwa vinachechemea kabla belo la kwanza halijashushwa. Mitumba haikuwaanzishia ugonjwa, ila hata hivyo iliwakuta kitandani ikawanyang'anya blanketi.

Sasa mtazame machinga wa miaka ya tisini, kwa sababu huyu ndiye babu wa hizi kurasa zote. Yeye hakukaa sokoni akisubiri. Aliamka alfajiri, akachagua mashati kumi na tano mazuri, akayafua, akayapiga pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama, akayabeba begani na kuingia nayo maofisini Posta, saluni, gereji, baa. Alijua karani yupi anavaa kumi na tano na nusu shingoni na mhasibu yupi hapendi rangi ya kahawia. Akiona shati la mteja wake kwenye rundo, anamnunulia kabla hajaagizwa. Na alikopesha mpaka mwisho wa mwezi, jambo ambalo muuzaji wa leo ukimwomba anakujibu kwa stika ya kucheka. Ukiacha picha na bando, kila kitu ambacho leo kinaitwa biashara ya mtandaoni yule jamaa alikuwa anakifanya kwa miguu.

Nairobi walikuwa na lugha yao tamu zaidi. Pale Gikomba belo likikatwa, nguo kali za mwanzo zinazowahiwa na wachaguzi zinaitwa kamera. Wakishapita wenye macho, mabaki ya mwisho ndiyo fagia. Yaani kumbe hata kabla ya simu kuja na kamera, kamera ilishakuwa ni ile nguo yenyewe.

Vilivyobadilisha mchezo ni vitu viwili, na cha kwanza wala siyo picha. Ni malipo. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kufika Tanzania 2008, na kwa mara ya kwanza mtu wa Mbeya akaweza kumlipa mtu wa Dar asiyemjua, na nguo ikapanda basi kesho yake. Kisha Instagram, iliyoanza 2010 kwa wenye iPhone tu, ikafika kwenye simu za Android 2012. Hapo ndipo mwanachuo mwenye simu ya bei ya kawaida alipopata fremu isiyo na kodi ya pango.

Halafu milango mingine ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani wakatishia soko la AGOA, nchi zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ikakaza na 2018 nguo zake zikapoteza nafuu ya ushuru huko Marekani. Machi 2020 Kenya ilizuia mitumba kuingia kwa sababu ya korona, ikafungulia Agosti. Oktoba 2021 machinga wa Dar wakaondolewa barabarani. Januari 2022 soko la Karume likaungua usiku, na watu wakaamkia majivu. Mwenye meza alipoteza meza. Mwenye meza na namba za wateja kwenye WhatsApp alipoteza mzigo tu, tofauti ambayo wengi waliijua siku hiyo.

Je, faida ipo kweli? Ipo, ila siyo ile ya kwenye video za "nimeanza na elfu ishirini". Tuseme umeokota magauni kumi kwa elfu nne nne, jumla elfu arobaini. Unauza elfu kumi na tano kila moja, kichwani inasoma laki na nusu. Sasa rudi ardhini. Mawili yana doa lililojificha kwapani, hayauziki. Mawili yanakaa mwezi mzima mpaka unayaachia kwa elfu sita. Hapo umeshika laki na elfu mbili. Toa mtaji, sabuni, nauli ya saa kumi na moja alfajiri, bando, na ile boda ya Tegeta ambako mteja kazima simu. Kinachobaki ni hela, ndiyo, lakini ni hela ya mtu aliyeamka. Anayelala mpaka saa tatu anaenda kununua fagia kwa bei ya kamera. (Na nguo za ndani za mitumba usiziguse kabisa. TBS walishazipiga marufuku, hata picha iwe nzuri vipi.)

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakitazami, na kinatokea mbali, kule nguo zinakoanzia safari. Belo la kilo 45 linalofika bandarini ni masalia. Nguo zilitolewa kwenye maduka ya hisani, zisizouzika zikachambuliwa kwa madaraja, ndipo zikafungwa na kupanda meli. Lakini nako wamejifunza mchezo. Vinted ilianzia Lithuania 2008, Depop Italia 2011, na sasa binti wa London anapiga picha koti lake mwenyewe akiwa chumbani na kuliuza kabla halijafika kwenye sanduku la hisani. Koti lililouzwa Vinted halipandi meli. Kwa hiyo kamera ya kwanza inachukuliwa huko huko, na wewe unayeamka alfajiri kwenda Ilala unagombania ya pili au ya tatu.

Na huku nyumbani wenye mabelo nao hawajalala. Wameshaanza kukata belo live, simu imesimama kwenye stendi, kijana ananyanyua nguo moja moja na kutaja bei, na wateja wa Dodoma na Mwanza wanaandika "yangu hiyo" kabla haijarudi kwenye rundo. Mdada wa Sinza naye yumo humo kwenye live, kajificha kwa akaunti nyingine, anawahi.