Usita wa Mui: Kushuka na Kufufuka kwa Kitovu cha Lamu

Mji wa Lamu, uliojengwa upande wa mashariki wa kisiwa chenye jina hilohilo katika pwani ya kaskazini ya Kenya, una pande mbili zinazojulikana tangu zamani: Mkomani, upande wa kaskazini, penye nyumba za mawe za koo za waungwana, na Langoni, upande wa kusini, ambako kwa muda mrefu nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na ambako wahamiaji kutoka Ngazija, Hadhramaut na visiwa vya jirani walipata makazi. Pande hizo zinaunganishwa na njia moja ndefu inayokwenda sambamba na bahari, ambayo kwa Kiamu, yaani lahaja ya Kiswahili ya Lamu, huitwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ingawa ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mji huu ulivyotajirika, ulivyodorora na ulivyofufuliwa.

Katika karne ya 19 maji yalifika karibu mno na njia hii. Ngome ya Lamu, ambayo leo imetenganishwa na gati kwa majengo na uwanja wa Mkunguni, ilijengwa ukingoni mwa pwani, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na watawala wa Mombasa, Wamazrui, katika vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo 1812, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani wakihofia kulipiziwa kisasi. Ngome ilikamilika mnamo 1821, na chini ya kivuli cha utawala wa Omani biashara ya pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka ilistawi. Nafaka hiyo ilitoka katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na haifai kuusifu uzuri wa nyumba za Mkomani bila kutaja kwamba utajiri ulioziinua ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watu wasiolipwa. Jinsi biashara ilivyokua, ufuko ulijazwa vifusi na taka, na juu ya ardhi hiyo mpya yakajengwa majengo yenye varanda na matao yanayotazama bahari, mengi yakiwa na athari ya wafanyabiashara wa Kihindi. Usita wa Mui ukajikuta umeingia ndani ya mji, ukawa njia ya maduka. Humo ndimo Wajerumani, waliokuwa na maslahi Witu, upande wa bara, walimofungua ofisi yao ya posta kuanzia 1888 hadi 1891.

Nyumba za nyuma ya maduka hayo zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndizo zilizokuja kuupa mji thamani yake ya pili. Mawe yake ni ya matumbawe, mengi yakichimbwa katika kisiwa cha Manda, na yaliunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Dari zilishikiliwa na boriti, yaani magogo ya mkoko, na kwa kuwa gogo la mkoko haliwezi kubeba uzito mkubwa likiwa refu, vyumba havikuzidi upana wa mita tatu hivi. Ndiyo maana nyumba ya Lamu ina vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni alipokelewa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe. Aliyeruhusiwa kuingia alipita kiwandani, ua wa ndani usio na paa, kisha misana, vyumba vilivyo wazi upande wa kiwanda. Mwisho kabisa kilikuwa chumba kiitwacho ndani, cha mwenye nyumba mwanamke, ambacho ukuta wake ulijaa zidaka, vishubaka vilivyochongwa katika lipu na kupangwa safu juu ya safu. Katika birika la choo walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba anapoolewa, na panapokosekana nafasi ya kujenga upya, chumba kilijengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Daraja hilo la kukaliwa huitwa wikio, na hadi sasa apitaye katika vichochoro vya Mkomani hupita chini ya vyumba vya watu.

Kushuka kwa mji hakukuletwa na vita. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901 iliivuta biashara kusini, na kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1907 kuliyaacha mashamba ya bara bila wafanyakazi na koo nyingi bila mapato. Ngome ikawa gereza. Baadhi ya nyumba zilibomoka kwa mvua baada ya boriti kuoza, nyingine zikabaki jinsi zilivyokuwa kwa kuwa wenyewe hawakuwa na fedha za kuzivunja na kujenga za kisasa. Umaskini ndio uliouhifadhi mji kwa zaidi ya nusu karne, ingawa wakazi walilipa gharama yake kwa vijana kuhamia Mombasa na kwingineko.

Ufufuo ulianza kwa elimu. Jumba la makumbusho lililoanzishwa kando ya bahari, ambalo mwanahistoria James de Vere Allen aliwahi kulisimamia, lilikusanya siwa (pembe za kupulizwa katika sherehe), milango na vyombo, na msanifu majengo Usam Ghaidan akachapisha mwaka 1975 utafiti wake kuhusu mji huo. Kazi iliyofuata ya wataalamu Francesco Siravo na Ann Pulver, iliyochapishwa 1986, iligeuza maarifa hayo kuwa mpango wa utekelezaji: nyumba zilipimwa na kuwekewa kanuni za ukarabati, na mwaka huohuo eneo la kale likatangazwa kuwa urithi unaolindwa kisheria. Ngome iliacha kuwa gereza mwaka 1984 na kukabidhiwa Makumbusho ya Kenya. Mahali palipoogopwa na wakazi pakawa pa maonyesho, mikutano na harusi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata hivyo mawe hayakufufuka peke yake. Maulidi yaliyoimarishwa na Habib Saleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyeasisi Msikiti wa Riyadha huko Langoni, yalikuwa yakijaza mji kila mwaka muda mrefu kabla ya watalii kuja, na yangali yakiujaza. Watalii nao wameleta kazi kwa waashi na wachonga milango, lakini wamepandisha bei za nyumba, na nyumba kadhaa za Mkomani zimenunuliwa na wageni wanaokaa humo kwa majuma machache tu kwa mwaka. Nyumba iliyopangwa kwa ajili ya binti wa ukoo inapofungwa kwa miezi minane, kuta zake huenda zikawa katika hali bora kuliko zilivyokuwa kwa miaka mia, huku ujirani wa wikio ukiwa umekatika. Hasara hiyo haionekani katika picha za mji.

Tishio la sasa ni kubwa kuliko utalii. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 upande wa bara, imebadili matarajio ya eneo zima, wakati kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa karibu nayo kilifutiwa kibali na mahakama ya mazingira mwaka 2019 baada ya wakazi kulalamika. Jambo dogo zaidi, lakini la kila siku, ni boriti zenyewe: marufuku ya kukata miti iliyotangazwa nchini Kenya mwaka 2018 iliwagusa pia wakata mikoko wa Lamu, na ikadhihirika kwamba dari za Mkomani na riziki za wakata miti hao zinategemea msitu mmoja, kwa hiyo anayepanga uhifadhi wa nyumba hana budi kupanga pia ukataji na upandaji wa mikoko.