Majina ya Mimea na Kuvu: Historia ya Hazina za Vielelezo katika Chuo Kikuu cha Harvard

Mfasiri akutanapo na jina la asasi ya kitaaluma hushawishika kulifasiri neno kwa neno na kuendelea na kazi yake. Mara nyingi hapana madhara. Lakini yako majina yaliyobeba ndani yake historia nzima ya fikra, na mwenye kuyafasiri bila ya kuijua historia hiyo humpotosha msomaji. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hazina za vielelezo vya mimea na kuvu zilivyoanza na kukua katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kisha tuonyeshe mambo ambayo waundaji wa istilahi za Kiswahili wanaweza kujifunza kutokana na historia hiyo.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Kielelezo cha mmea ni tawi lenye majani, na yamkini maua au matunda, lililokandamizwa kati ya karatasi, likakaushwa, kisha likabandikwa juu ya karatasi ngumu. Chini yake huwekwa kibandiko kinachotaja jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la mchumaji. Kuvu nyingi ni nene na zina maji mengi, kwa hiyo hazikandamizwi, bali hukaushwa na kutiwa katika bahasha au visanduku. Miongoni mwa watu wa mwanzo kukausha mimea kwa namna hii ni Luca Ghini, mwalimu wa Italia katika karne ya 16. Makusanyo ya aina hiyo yaliitwa kwa Kilatini *hortus siccus*, yaani bustani kavu. Mnamo mwaka 1700 mtaalamu wa Ufaransa, Tournefort, alilitumia neno *herbarium*, ambalo kabla ya hapo lilihusu vitabu vya mitishamba, kuwa jina la makusanyo hayo; naye Linnaeus akalieneza. Tunaona basi kwamba hata katika Kilatini istilahi hii haikuzaliwa pamoja na kitu chake, bali ilihamishwa kutoka kitu kingine.

Asa Gray, aliyezaliwa mwaka 1810 na kusomea udaktari, alianza kufundisha elimu ya mimea Harvard mwaka 1842. Kwa miaka zaidi ya 20 alikusanya vielelezo kwa kuchuma, kununua na kubadilishana na wataalamu wa nchi nyingine, akaviweka nyumbani kwake. Hatari kubwa ilikuwa moto, kwani majani makavu juu ya karatasi ni kuni tayari. Mwaka 1864 alikitolea chuo vielelezo vipatavyo 200,000 pamoja na vitabu 2,200, baada ya kuhakikishiwa jengo la matofali lisiloshika moto kwa urahisi, lililogharimiwa na tajiri Nathaniel Thayer.

Thamani ya vielelezo hivyo haikuwa katika wingi tu. Charles Wright alipoleta mimea aliyoichuma Japani, Gray aliilinganisha na ile aliyokuwa nayo, akaonyesha mwaka 1859 kwamba mimea ya Japani inafanana mno na ile ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Ulinganifu huo uliiunga mkono hoja ya rafikiye Charles Darwin kwamba spishi zinazofanana zina asili moja. Asingeweza kuuona kama vielelezo vya pande mbili za dunia visingekutana juu ya meza moja.

Upande wa kuvu una historia yake. Mchungaji Moses Ashley Curtis wa North Carolina alikusanya kuvu kwa miaka mingi, na kwa barua akashirikiana na Mwingereza Miles Joseph Berkeley kuzipa majina. Majina mengi ya kuvu za Amerika, pamoja na zile ambazo Wright alizichuma Kuba, hubeba majina ya watu hao wawili. Berkeley huyohuyo, pamoja na mwenzake Broome, ndiye aliyeipa jina *Hemileia vastatrix* mwaka 1869 ile kuvu ya Ceylon iletayo kutu ya majani ya kahawa, ugonjwa ambao wakulima wetu wa kahawa wanaujua fika.

Curtis alifariki mwaka 1872, na makusanyo yake ya kuvu yakanunuliwa kwa ajili ya Harvard. Aliyeyashughulikia ni William Gilson Farlow, mwanafunzi wa Gray, ambaye alikwenda Strasbourg kusoma kwa Anton de Bary, bingwa aliyethibitisha kwamba kuvu ndizo zinazosababisha magonjwa ya mimea, wala hazizaliwi na magonjwa hayo. Farlow alirejea mwaka 1874, na mwaka 1879 akawa profesa wa elimu ya mimea ya *Cryptogamia*. Alipofariki mwaka 1919 aliurithisha chuo vielelezo na maktaba yake. Hadi leo hazina ya kuvu ya Harvard ina jina lake, na kazi ya kuikuza iliendelezwa na wengine, hususan Roland Thaxter, mtafiti wa kuvu ndogo mno zinazoishi juu ya miili ya wadudu. Hazina zote za chuo hicho kwa pamoja sasa zina vielelezo zaidi ya milioni 5.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Neno *Cryptogamia* liliundwa na Linnaeus kutokana na Kigiriki, nalo lina maana ya ndoa iliyofichika. Aliwaweka katika kundi hilo viumbe wote ambao hakuona maua yao: makangaga, mwani, kuvu na vinginevyo. Kundi hilo lilikusanywa kwa kile kisichoonekana, si kwa undugu. Baadaye wataalamu walitambua kwamba kuvu si mimea kabisa: hazijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Mwaka 1969 Whittaker alizipa himaya yake katika mpango wa himaya tano. Mwaka 2011 mkutano wa Melbourne uliibadili hata anwani ya kanuni za kimataifa za majina, nayo ikawa ya mwani, kuvu na mimea. Lakini jina la hazina ya Farlow bado linataja elimu ya mimea. Mfasiri analifasiri jina la asasi kama lilivyo. Akieleza yaliyomo, hana budi kuandika kuvu peke yake, wala asiandike "mimea ya kuvu".

Fundisho la pili lahusu neno kuvu lenyewe. Katika matumizi ya kila siku tuna uyoga, ukungu, kutu ya mazao, hamira na fangasi wa ngozi. Kila neno linataja sura moja ya jamii hii kubwa. Mwalimu anayelitumia uyoga kuwa jina la jamii yote atashindwa kumweleza mwanafunzi kwa nini hamira, ambayo haina mwavuli wala shina, ni ndugu wa uyoga. Twaona ni bora kuvu iwe istilahi ya himaya yote, na yale mengine yabaki na maana zake.

Fundisho la tatu ndilo kubwa zaidi. Katika elimu ya viumbe, jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja kilichoteuliwa, ambacho twapendekeza kiitwe kielelezo rejea. Wataalamu wakibishana juu ya jina, hurudi kukitazama kielelezo hicho. Hata hivyo, kwa miaka mingi kuvu moja iliweza kuwa na majina mawili halali, moja la hali yake ya kuzaana kijinsia na jingine la hali isiyo ya kijinsia. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2013.

Istilahi zetu nazo zina ugonjwa huohuo. Dhana moja hupewa neno moja shuleni, jingine ofisini na la tatu magazetini, na mbishano ukizuka hapana pa kurudi. Orodha inayolipanga neno la Kiswahili mbele ya neno la kigeni haitoshi, kwani ni sawa na tawi lisilo na kibandiko. Kila istilahi yapasa iwe na kadi inayotaja dhana inayokusudiwa, sentensi ambamo ilitumika, aliyeipendekeza na tarehe. Curtis alifariki kabla wengi wa wale wanaozitumia kuvu zake hawajazaliwa, lakini bado wanaelewana naye kwa sababu aliandika alichokiokota na alipokiokota. Wafasiri na walimu watakaotufuata wanastahili kupata kwetu amana kama hiyo.