Mratibu wa mashambulizi hupimwaje?

KATIKA futiboli ya Kimarekani, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Kabla ya kila jaribio, mratibu wa mashambulizi huchagua mbinu: mpira ukimbizwe au urushwe, upande gani na kwa mchezaji yupi. Katika ligi kuu ya NFL, maelekezo humfikia kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi uwanjani, kupitia kifaa cha sauti kilichomo ndani ya kofia yake.

Mbinu ikifaulu, wanaosifiwa ni wachezaji. Ikishindwa, lawama humwangukia aliyeichagua.

Ndivyo ilivyokuwa katika fainali ya Super Bowl iliyochezwa Februari 1, 2015, mjini Glendale, Arizona. Seattle Seahawks walikuwa nyuma kwa pointi 28-24 dhidi ya New England Patriots, wakiwa na mpira yadi 1 kutoka mstari wa goli. Lilikuwa jaribio la pili na zilisalia sekunde 26.

Wengi walitarajia mpira apewe Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu. Badala yake, mratibu Darrell Bevell aliagiza pasi. Kwotabeki Russell Wilson alirusha kuelekea kwa Ricardo Lockette, beki Malcolm Butler akaunasa mpira, na ubingwa ukaenda kwa Patriots.

Je, uamuzi ulikuwa mbaya, au matokeo ndiyo yaliyokuwa mabaya? Vigezo vifuatavyo husaidia kutenganisha mambo hayo mawili.

Cha kwanza ni saa. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa huendelea kwenda. Pasi isiyodakwa huisimamisha. Seattle walibakiwa na pumziko moja tu la kusimamisha saa. Ili wapate nafasi ya kutumia majaribio yote matatu yaliyosalia, iliwapasa kurusha angalau mara moja.

Cha pili ni wapinzani. Patriots walipanga walinzi wengi wenye miili mikubwa, waliofaa kuzuia mkimbiaji. Aidha, msimu huo Lynch alikuwa amepewa mpira mara 5 akiwa yadi 1 kutoka mstari, akafunga mara 1 tu.

Cha tatu ni aina ya mbinu yenyewe, na hapa ndipo ukosoaji wa Bevell una uzito zaidi. Pasi ilielekezwa katikati, penye msongamano, badala ya pembeni ambako ikikosewa mpira hutoka nje. Isitoshe, Butler alikwisha kukutana na mbinu hiyo mazoezini.

Cha nne ni kazi ya msimu mzima. Mwaka 2014 Seattle waliongoza NFL kwa yadi za kukimbia. Msimu uliotangulia, chini ya mratibu huyohuyo, walitwaa ubingwa kwa kuifunga Denver Broncos 43-8.

Hata hivyo, mratibu hafanyi kazi peke yake. Kocha mkuu ana mamlaka ya kubadili uamuzi wake, na baada ya fainali hiyo Pete Carroll alitangaza kuwa dhamana ni yake.

Bevell alibaki Seattle hadi Januari 2018, alipoondolewa baada ya misimu saba. Kwa vigezo hivyo, kuagiza pasi kulikuwa na hoja. Kuichagua pasi ile ndiko kulikokuwa kugumu kutetea.