Ulichookota Wiki Hii, Umempa Nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni mwishoni mwa wiki. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Wiki iliyopita nilipata barua ya msikilizaji mmoja wa huku kwetu Sanya Juu. Barua ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na pilipili. Aliandika hivi: "Kila wiki unatutajia wimbo mmoja, kitabu kimoja na desturi moja uliyoigundua. Hayo yanatusaidia nini sisi tunaongojea mvua?"

Sikukasirika. Swali lake ni la haki, na mtu anayepewa dakika kumi za masikio ya watu hana budi kueleza anazitumiaje. Nimeona nimjibu kwa historia, na katika historia hiyo nitaungama kosa langu mwenyewe.

Mji wetu uko upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, pale migomba inapoanza kupungua na uwanda kufunguka. Sokoni kwetu hukutana Wachagga, Wameru, Waarusha, Wamasai, na watu wa makabila mengine ambao wazazi wao walikuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Kilimanjaro Magharibi. Kila mmoja huja na mzigo wake, na kila mmoja huja na maneno yake. Kiswahili ndicho kikapu ambamo maneno hayo yote hutiwa.

Katika miaka ya 1970 baba yangu mkubwa alikuwa na redio ya betri. Betri zilipolegea, alizianika juani juu ya bati, nazo zikatoa pumzi ya siku mbili tatu zaidi. Jioni majirani walikuja kusikiliza taarifa ya habari, kisha mazungumzo, kisha muziki. Watu walipokwisha kuondoka, mzee alifungua daftari lake la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika katika safu nne: tarehe, nilichosikia, nani kaniambia, na ya mwisho, nimempa nani. Safu hiyo ya nne haikukaa tupu zaidi ya wiki moja. Kama alisikia wimbo mzuri au habari ya kitabu, alihesabu kwamba ana deni mpaka awe amemwambia mtu mwingine.

Tabia hii hakuianzisha yeye. Katika mlima huu ina mizizi mirefu.

Kati ya mwaka 1913 na 1916 mwalimu mmoja wa Kilutheri wa Marangu, Nathaniel Mtui, alijaza madaftari kwa historia ya Wachagga: koo, watawala, vita na mapatano. Madaftari hayo yalikwenda kwa mmisionari Mjerumani, Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi na kuandika sana juu ya mila za hapa. Mwaka 1924 ofisa wa Kiingereza, Charles Dundas, alichapisha kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake, kwa Kiingereza. Mwaka 1926 Gutmann alichapisha kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga, na kati ya 1932 na 1938 akatoa juzuu tatu za mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana wakati wa jando. Maelezo ya vitabu hivyo yalikuwa kwa Kijerumani.

Hebu tulitafakari jambo hili. Babu alifundisha shambani kwake, chini ya mgomba wake, kwa lugha yake. Mafundisho yakaandikwa, yakavuka bahari, yakachapwa vizuri na kuwekwa katika maktaba za Ulaya. Lakini mjukuu wa babu yule, hata kama alijua kusoma, hakuweza kuyasoma. Siwalaumu waandishi hao. Bila wao mengi yangekwisha kupotea. Nasema tu kwamba mali iliyookotwa nyumbani na kupelekwa mbali haijawa mali ya nyumbani mpaka irudishwe.

Urudishaji ulianza taratibu. Mwezi Januari 1923 Idara ya Elimu huko Dar es Salaam ilianzisha gazeti la Mambo Leo, likitoka kila mwezi kwa Kiswahili. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na mambo ambayo serikali haikuyapenda hayakupata nafasi humo. Hata hivyo wasomaji walijipenyeza. Walituma habari za kwao, maswali, na mashairi ya kujibizana. Shaaban Robert ni mmoja wa wale ambao tungo zao zilisomwa humo kabla jina lake halijawa kubwa. Aghalabu nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, na yule aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alitoa kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Jambo la kwanza la kulitazama hapo ni lugha. Mchagga anaeleza desturi za Wachagga, naye hachagui Kijerumani wala Kiingereza, bali Kiswahili, ili Mchagga asome, na Mmeru, na Mzaramo pia. Mwaka uliofuata, 1948, ikaundwa East African Literature Bureau mjini Nairobi, iliyochapa vitabu kwa lugha zetu na kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba. Katika miaka ya 1950 Baraza la Wachagga mjini Moshi lilikuwa na gazeti lake, Komkya, maana yake kumekucha.

Ndipo ikaja redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, nacho mwaka 1965 kikapata jina tulilolizoea wengi wetu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda mjini Dar es Salaam, na redio za National zikazidi kuenea mpaka vijijini. Kwa kuwa nchi yetu haikuwa na viwanda vya santuri vya kutosha, bendi nyingi zilirekodi katika studio za redio ya taifa. Mtu wa Sanya Juu ambaye hakuwahi kufika Morogoro aliijua Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe kama anavyojua sauti ya jirani yake.

Lakini redio ina udhaifu mmoja mkubwa. Inasema, halafu inanyamaza. Aliyekuwa kisimani wakati ule amekosa, na aliyesikia atasahau. Serikali yenyewe ilitambua hivyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kusafisha visima. Redio ilitangaza, kijitabu kikahifadhi, kikundi kikatenda. Kikundi cha baba mkubwa kilikutana chini ya mti wa mruka karibu na njia, na nadhani hapo ndipo alipopata wazo la daftari lake.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Baba mkubwa alipofariki, daftari liliachwa juu ya kabati la jikoni. Masika moja kuni zilikuwa mbichi, nami nilitumwa kuwasha moto wa chai. Nilichana kurasa mbili. Kesho yake nikachana nyingine. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni kitu. Kabla masika hayajaisha lilibaki jalada, na lile jedwali la kuzidisha.

Miaka mingi baadaye pakatokea mvutano kijijini juu ya maji. Nanyi mnajua kwamba wazee wetu hawakungojea mvua peke yake. Walichimba mifongo, ile mifereji inayotoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka shambani, na kila mfongo ulikuwa na watu wake, siku zake za kusafishwa na zamu zake za kufungulia. Wa juu walidai zamu yao ni siku tatu, wa chini wakasema ni mbili. Maneno yakawa makali, hata jamaa wa ukoo mmoja wakaacha kusalimiana. Tulipoketi kusuluhisha, bibi mmoja mzee sana akasema, "Mbona marehemu aliyaandika? Baba yangu ndiye aliyemsimulia. Aliandika nani aliongoza kuchimba na zamu zilivyogawanywa. Leteni lile daftari."

Watu wote wakanigeukia mimi, maana ndimi niliyesoma. Nikasema daftari halipo. Sikusema limekwendaje. Mvutano uliamuliwa kwa kugawana tu, bila upande wowote kuridhika, na mpaka leo kuna nyumba mbili ambazo hazialikani.

Nimekaa na jambo hilo kwa muda mrefu, na leo nimelitoa. Katika daftari lile habari ya mfongo ilikuwa kati ya jina la wimbo na jina la kitabu. Mzee hakuitenga kama jambo kubwa. Aliokota, akaandika, akampa mtu. Hakujua lipi litahitajika baadaye, na mimi pia sijui. Ndugu msikilizaji uliyeniuliza juu ya mvua, hilo ndilo jibu langu. Ukiniambia nitaje yale yenye faida peke yake, nitakosea, kwa kuwa faida nyingine huchelewa miaka arobaini.

Kuna atakayesema kwamba zama zimebadilika. Ni kweli. Kijana wa leo ana simu mkononi, na katika saa moja huletewa nyimbo nyingi kuliko alizosikia baba mkubwa kwa mwaka. Hana shida ya kupata. Lakini hupokea, hutuma mbele, na jioni hakumbuki alichotuma asubuhi. Simu ikianguka majini, vyote vimekwenda. Nani alimwambia? Kwa nini aliona ni kizuri? Safu ya tatu na ya nne hazipo.

Kwa hiyo nawasihi. Nunueni daftari, la bei ndogo kabisa. Mara moja kwa wiki, mkiwa mmeketi na watoto, andikeni kitu kimoja mlichosikia na aliyewaambia, kisha mtafuteni mtu wa kumpa. Bibi akieleza kwa nini jani la sale hupelekwa kwa mtu unayemwomba radhi, mtoto aandike. Fundi seremala akitaja mti ambao hauliwi na mchwa, aandike. Msingoje mgeni aje kuyaandika kwa lugha yake, ndipo mtafute wa kuwatafsiria yaliyo yenu.

Basi, kwa desturi yetu, nataja niliyookota wiki hii.

Kitabu ni hicho cha Mangi Petro Itosi Marealle, ambacho Mkuki na Nyota walikichapa tena mwaka 2002. Aliye na nakala na asiihifadhi tu kabatini, amwazime na jirani.

Muziki ni wa Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, India, akaimba kwa Kiswahili katika santuri, naye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950, lakini kwa kuwa sauti iliingia katika santuri na maisha yake yakaingia katika kitabu, hajanyamaza.

Desturi ni ya mfongo. Juzi nilikwenda kwa yule bibi, ambaye bado anaona kidogo na anakumbuka sana. Nilimweleza nilivyolichoma daftari. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, andika basi." Nimeandika kurasa sita. Juu ya idadi ya siku za zamu, yeye pia hana hakika tena. Lakini aliyeongoza kuchimba amemtaja, na jina hilo nimekwisha kuwapelekea watu wa juu na watu wa chini, nyumba kwa nyumba.

Kwaherini mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa.