Jina la mwizi lisitajwe mapema

Kwa Wanande wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kyaghanda, yaani baraza la kijadi, kilikuwa shule kabla ya shule. Jioni wazee na vijana waliuzunguka moto, mashauri yakakatwa, kisha zikaja hadithi. Msimuliaji hodari hakuwa na haraka ya kumtaja mwizi. Alizisoma nyuso, na akiona kijana ameanza kubashiri, alikata kona.

Kitendawili ni ufundi huohuo kwa ufupi. "Nyumba yangu haina mlango." Sifa imetolewa wazi, kilichozuiwa ni jina tu, yai. Katika mchezo wa Waswahili, anayeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe.

Mwaka 1929 wakafika mapadri Waasumpsionisti, na baada yao madarasa, Kifaransa na hadithi za kusomwa. Mwandishi haoni nyuso za wasomaji, kwa hiyo hufanya kazi kwa njia nyingine. Katika "La Parure" ya Maupassant, ya mwaka 1884, Mathilde anaazima mkufu wa almasi, anaupoteza, na yeye na mumewe wanahenya miaka 10 kulipa deni la mkufu mwingine wa faranga 36,000. Mwishoni anaambiwa kwamba ule wa kwanza ulikuwa bandia. Msomaji anashtuka, ila hakudanganywa. Sonara ambaye jina lake lilikuwa ndani ya kibweta alishasema mkufu haukutoka kwake, huenda aliuza kibweta tu. Naye mwenye mali, aliporudishiwa, hakujisumbua hata kukifungua. Yote hayo tuliyasoma, tukayapita, kwa sababu tulikuwa tukimhurumia Mathilde. Huko ndiko kuficha kwa haki. Mwandishi anayezusha ukurasa wa mwisho pacha asiyewahi kutajwa amemwibia msomaji wake.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo. Katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi na kuchapishwa 1960, maiti imekutwa mzimuni. Mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na kuweka mawazo moyoni, huku rafiki yake Najum akibaki kukisia kama sisi.

Tukirudi kwa Wanande, tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewahamisha watu wengi, na wazee wenye hadithi wametawanyika. Walimu wa Kimemi, mjini Butembo, watumeni wanafunzi wakaziandike sasa, pamoja na kila mahali mzee aliponyamaza, na jina la mwizi waliache palepale alipolitaja yeye.